Mtamba wa Sista Redempta

Kwa miaka ishirini na minne, katika shule ya masista pale Garissa, saa sita ya mchana haikuwa imefika mpaka Gelle avute kamba ya kengele. Alivuta mara tatu, akanyamaza; tatu, akanyamaza; tatu tena, akanyamaza; kisha tisa mfululizo. Masista waliinamisha vichwa popote walipokuwa, wakanong'ona Sala ya Malaika wa Bwana. Watoto, ambao wengi wao ni Waislamu, walijua imebaki nusu saa wale. Gelle mwenyewe, akishaifunga kamba kwenye msumari wake, alichukua birika la plastiki akaenda kutawadha nyuma ya tangi, maana adhuhuri nayo haikuwa mbali.

Hakujua kengele ile inasema nini. Aliwahi kumuuliza sista mzee aliyemfundisha kuipiga, naye akamweleza kwa dakika kumi nzima. Gelle akaitikia kwa adabu na asielewe hata chembe. Alichoshika ni hesabu, na hesabu hakuikosea hata siku alipofiwa na mama yake.

Alitoka Ijara, kwenye jamaa ya watu wa ng'ombe. Baba yake alikuwa na ng'ombe sitini; ukame ukapita, wakabaki wanne, na wanne si kazi ya mwanamume mzima. Ndipo akaja mjini na mkewe Maryan. Sista mzee alimuuliza maswali mawili tu: kama anaweza kukesha, na kama ni mwongo. La kwanza alijibu ndiyo. La pili alijibu, kidogo. Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo lango likawa lake. Askari wenye bunduki waliletwa na serikali katika ile miaka mibaya ya mashambulizi, wakawa wanabadilishwa kila baada ya miezi michache, lakini funguo zilibaki kiunoni mwa Gelle. Aliwajua wazazi wote kwa mwendo. Alijua mtoto gani amekuja bila kunywa chai. Aligombana na kila dereva wa tuktuk aliyegeuzia mbele ya lango lake, na ugomvi huo, kusema kweli, ulikuwa starehe yake.

Sasa, lango lenyewe. Ni la chuma, lenye mabawa mawili mazito, na kila bawa lina nondo inayoteremshwa kwenye tundu la saruji ili lisichezewe na upepo. Tundu la bawa la kushoto lilikuwa limejaa mchanga. Gelle alilijua jambo hilo wiki nzima. Kila asubuhi alijiambia atalichimbua akimaliza hili, na hili likawa halimaliziki. Tusimtetee.

Julai upepo wa Garissa huamka mapema na hauna adabu. Siku moja lori la maji lilifika likipiga honi, Gelle akafungua, akateremsha nondo, nondo ikagonga mchanga ikasimama juujuu. Aliiona. Aliiona, na bado akaenda kubishana na dereva kuhusu mpira wa maji. Sista Redempta, mwalimu mkuu, Mtaita aliyekuwa na mwaka wa pili tu katika shule ile, akatoka ofisini kuja kutia sahihi ya maji. Bawa la kushoto likaachia. Lilimpiga mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, na mfupa ukavunjika mahali pawili.

Naibu wake, Mwalimu Abshiro, ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa tuktuk, na Gelle alikaa mbele na dereva huku amegeuka nyuma, uso wake umepauka. Njiani, katikati ya maumivu, Sista Redempta alimtazama yule mzee akamwonea huruma.

"Gelle, usijali," akasema. "Nimekusamehe. Yamekwisha."

Gelle alikuwa bado hajafungua kinywa chake.

Ingeishia hapo, labda yangekuwa mengine. Lakini shule ile ina desturi ya kuwa na tunu ya mwezi, yaani fadhila moja ya kufundishwa watoto, ambayo huandikwa kwa chaki ya rangi kwenye ubao ulio karibu na mlingoti wa bendera. Tunu hupangwa Januari kwa mwaka mzima, na kwa bahati, au kwa mkono wa Mungu kama alivyoamini Sista, tunu ya Julai ilikuwa Msamaha. Jumatatu iliyofuata alisimama kwenye gwaride mkono ukiwa kwenye plasta, akamwita Gelle mbele ya watoto mia sita, akawaambia kwamba huyu ndiye aliyemvunja mkono, na kwamba yeye, Sista, hana kinyongo naye hata kidogo. Akawaomba watoto wapige makofi. Watoto hawahitaji kuombwa mara mbili kupiga makofi.

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lazima lisemwe hilo, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu asahau. Lakini Gelle alisimama pale kwenye mchanga akaona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Alitamani lango lingempiga yeye.

Wasomali wa Garissa wana kitu wanachokiita haal. Ukimkosea mtu, humwendei peke yako. Unakwenda na watu wako, mnakaa na watu wake, mnataja kosa kwa jina lake, na unatoa kitu. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kidogo. Kinatolewa ili aliyekosewa aonekane kuwa ni mtu mwenye heshima na watu nyuma yake, na aliyekosea apate njia ya kuinua tena uso. Bila haal, kosa limelala tu. Wazee husema mwenye kovu usidhani kapoa, na wao wana sababu zao.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala, Gelle alifika ofisini kwa Sista akiwa na watu watatu wa jamaa yake. Aliyewaongoza ni Barre, mtoto wa baba yake mkubwa, mzee wa ndevu nyekundu za hina aliyetoka Ijara juu ya lori. Pamoja naye lorini alikuja mtamba mmoja, mweupe mwenye madoa ya kahawia shingoni, ambaye Barre alimchagua mwenyewe zizini kwake na kumnyima mnunuzi mara mbili. Mtamba alifungwa kwenye lango. Wazee wakakaa kwenye benchi la wageni, vikoi safi, mikono juu ya fimbo, na Barre akasema maneno yake, marefu na ya kupangwa, huku Abshiro akiyatafsiri.

Sista Redempta alisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamlengalenga. Aliona maskini wanne wamemletea ng'ombe katika mwaka wa kiangazi, na moyo wake wote, pamoja na miaka yote ya utawa, ukamwambia jibu moja tu. Akawaambia msamaha wa Mungu haununuliwi. Akawaambia warudi na ng'ombe wao, watoto wao wanywe maziwa. Akaagiza chai ya maziwa na mandazi.

Waliinywa chai, kwa sababu kuikataa kungekuwa kosa la pili. Mandazi hawakuyagusa. Walipofika nje, Barre alimfungua mtamba kwenye lango bila kumtazama mtu, akasema kwa Kisomali, taratibu kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Aliyekataa haal hajasamehe. Ameahirisha."

Kesho yake asubuhi Gelle alimwekea Abshiro funguo mezani. Abshiro alimuuliza ana nini. Wangeweza kusema Kisomali, lakini sista mwingine alikuwa chumbani, na Gelle alitaka asikie.

"Mtu mimi nafunja mkono yake," akasema, "na yeye nakataa haal yangu, mimi siwezi chunga mlango yake. Bole sana, Mwalimu. Mimi siwezi."

Akaenda zake nyumbani Bula Iftin, akakaa. Kukaa kulimshinda. Alitengeneza ua, akautengeneza tena. Akienda kunywa chai kwa jirani, watu walimuuliza kama sista amekwisha kwenda mahakamani, maana mtu anapokataa haal, huwa anataka kitu kikubwa zaidi. Barre naye hakurudi Ijara. Alimpeleka mtamba kwa ndugu karibu na mto akabaki mjini kungojea hiyo kesi, ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa na mpango wa kuifungua.

Sista Redempta kwa upande wake alidhani mzee ana haya tu, na kwamba haya huisha kwa upendo. Akatuma kilo mbili za sukari, pakiti nne za unga na kibuyu cha mafuta ya kupikia. Maryan alivipokea mlangoni akashukuru, akavipanga juu ya kabati, wala hakufungua hata kimoja.

"Sasa uliyemvunja mkono anakulisha," alimwambia mumewe jioni. Maryan si mwanamke wa maneno makali. Gelle hakula siku hiyo.

Shuleni kengele ilipata tabu. Mlinzi wa muda, kijana kutoka Modogashe, aliipiga siku ya kwanza kama mtu aliyeona moto, madarasa matatu yakatoka mbio. Siku ya pili aliipiga mara saba akaishiwa na imani. Masista walianza kusali kwa kutazama saa za mkononi, kila mmoja na ya kwake, na saa hizo hazikupatana.

Yupo mtu mmoja aliyelielewa jambo lote tangu mwanzo, naye ni Abshiro. Alisoma katika shule hiyo tangu darasa la kwanza, akarudi kufundisha, na amefundisha humo miaka kumi na mmoja. Alikaa kimya majuma mawili. Alijiambia Sista ana sababu zake, na kwamba kumweleza mkubwa wako kuwa wema wake umemuumiza mtu si kazi ya kuikimbilia. Hizo ni sababu za kweli, na hazimsafishi. Angesema siku ile ya chai, tusingekuwa na la kusimulia.

Aliyemfungua kinywa ni Sista mwenyewe, alipomkuta akijaribu kuandika barua kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zimelala kila upande. Barua ilikuwa ya Gelle. Sista akaisukuma mbali, akasema hajui tena amfanyie nini mzee yule. Amemsamehe mara mbili, moja kwenye tuktuk na moja mbele ya shule nzima.

"Ulisamehe peke yako, Sista," Abshiro akasema. "Yeye hakuwepo."

Kisha akaketi, akamweleza. Akamweleza haal ni nini, na ng'ombe yule alikuja kufanya nini, na wazee wale walipanda lori wakiwa na hofu gani. Akamwambia mjini wanangojea kesi. Akamwambia habari ya sukari iliyo juu ya kabati, ambayo aliisikia kwa Maryan. Sista Redempta alisikiliza, uso wake ukizidi kubadilika. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea na anajua hatashinda, kwamba yeye hawezi kuuza msamaha.

Abshiro aliwahi kukaa nyuma ya darasa la katekisimu miaka sita, kwa kuwa kipindi cha dini yake kilikuwa na mwalimu siku mbili tu kwa wiki. Alikuwa na kumbukumbu nzuri.

"Mtu akimaliza kuungama kwa padri," akauliza, "huwa anainuka tu anakwenda zake?"

Sista akatikisa kichwa. "Hupewa malipizi."

"Kwa sababu Mungu anayahitaji?"

"Hapana," Sista akasema polepole. "Kwa sababu yeye anayahitaji."

Akaitazama ile barua yake mbovu, akaikunja kwa mkono mmoja, akaitia kwenye kikapu cha taka. Aliona uchungu, na alisema hivyo waziwazi: kwamba amefundisha msamaha miaka kumi na tisa, na hakuwahi kufikiri kwamba anayesamehewa naye ana zamu yake. Halafu akauliza swali la maana. Kama watu wa Gelle wanakaa na watu wake, watu wake yeye ni nani? Taita ni mbali, na shirika lake lina mama mkuu Nairobi ambaye angedhani amepigwa na jua.

Abshiro alisema hilo amwachie yeye.

Walikaa Jumamosi, katika darasa la nne, kwa sababu ndilo lililokuwa na feni inayozunguka. Wazee watano walijibana kwenye madawati ya watoto wa miaka kumi, magoti juu, na ukutani nyuma yao kulikuwa na jedwali la mara saba. Upande wa madirisha alikaa Gelle na Barre na ndugu yao mmoja. Upande wa ubao alikaa Sista Redempta, na pamoja naye watu wake: Maalim Abdihafid anayefundisha dini ya Kiislamu, Abshiro, na Kadar, mwenyekiti wa wazazi, dalali wa soko la mifugo. Huyu Kadar alikuwa amevaa kofia mpya kwa ajili ya kazi hiyo.

Barre alitaja kosa kwa jina lake. Akasema, mtu wetu aliona nondo haijaingia, akaiacha. Gelle aliinama. Kisha Kadar akasimama kwa niaba ya Sista, akaueleza mkono ule: ni mkono unaoandika ripoti za watoto mia sita, ni mkono wa mwanamke aliyeacha kwao akaja kwetu, ni mkono wa kulia. Alipomshukuru Mungu vya kutosha, akataja haki yake. Ng'ombe kumi.

Sista Redempta alitaka kuinuka. Abshiro akamshika goti.

Gelle aliinua uso kwa mara ya kwanza baada ya majuma matatu. Kumi. Mkono wenye thamani ya ng'ombe kumi ni mkono wa mtu mwenye watu, na mtu wa kudaiwa kumi ni mtu anayehesabiwa. Barre alilalamika sana, kama ilivyompasa, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa, naye akaonekana kijana kidogo.

Ndipo likaanza lile Sista alilokuwa hajaliona maishani. Watu wake mwenyewe, waliodai kumi, wakaanza kupunguza. Maalim Abdihafid aliondoa wawili kwa ajili ya Mungu. Kadar akaondoa wawili kwa ajili ya wazee waliopanda lori. Wawili wengine waliondolewa kwa sababu upepo nao ulikuwa na sehemu yake, na upepo hauna jamaa ya kuulipia. Abshiro aliondoa mmoja kwa ajili ya watoto ambao Gelle amewavusha barabara miaka yote. Wakabaki watatu. Maalim akakohoa, akasema mmoja aondoke kwa ajili ya kengele ya saa sita, maana yeye mwenyewe huifuata kujua kama adhuhuri imekaribia, na sasa amepotea.

Wakabaki wawili. Wote wakamgeukia Sista, kwa kuwa wa mwisho kupunguza ni mwenye mkono.

Alikuwa ameelewa. Alisimama, akawatazama wazee wale katika madawati yao.

"Mmoja namwondoa mimi," akasema. "Kwa sababu mlinijia na ng'ombe wenu, nami nikawarudisha."

Abshiro alipotafsiri, Barre aliinamisha kichwa.

Akabaki mmoja. Msomaji atauliza kama basi walizunguka kote huko ili kurudi kwa mtamba yuleyule mweupe mwenye madoa shingoni. Ndiyo. Alikuwa nje amefungwa langoni tangu asubuhi, amekwisha kula maua ya masista mpaka mzizi.

Walitoka wote. Gelle akafungua kamba akaileta. Sista akanyoosha mkono wa kushoto, ndio uliokuwa mzima, halafu akausimamisha njiani, kwa kuwa katika miaka miwili amejifunza walau hilo, kwamba kitu cha heshima hakipokewi kwa kushoto. Akautoa mkono wa kulia kwenye kitambaa kilichoning'inia shingoni. Ulikuwa mzito kwa plasta na bado ulimuuma, ilionekana usoni. Akavifungua vidole vinne kadiri vilivyoweza. Gelle akailaza kamba juu yake taratibu, akaishikilia kwa chini ili uzito usimwangukie.

"Sista," akasema. "Mimi nilifunja mkono yako. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Gelle," Sista Redempta akasema.

Yalikuwa maneno yaleyale ya kwenye tuktuk. Gelle alilia wazi mbele ya watu wote, mzee mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Abshiro akampa funguo. Alizifunga kiunoni, akaomba jembe, akapiga magoti kwenye bawa la kushoto akaanza kuchimbua mchanga kwenye tundu. Alichimba mpaka nondo ikazama yote. Kisha akatazama jua, akajipangusa mikono, akaenda kwenye kamba ya kengele.